"Tuliongoza Juni, wakanimaliza Septemba": jibu kwa shabiki wa Mets

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Queens, New York, huu mwaka wa 14. Naendesha teksi. Besiboli nilianza kuisikiliza redioni nikiwa kazini, ikanikolea, nikawa mtu wa Mets. Msimu wa 2025 katikati ya Juni tulikuwa tunaongoza ligi nzima. Nilishamwahidi kijana wangu wa miaka 11 kwamba Oktoba tutakesha wote mbele ya runinga. Basi wakaanza kufungwa, wakafungwa, mpaka Septemba 28 kule Miami wakanimaliza kabisa. Mtoto alilia, mimi nikamfokea, kisha nikaenda kukaa ndani ya gari kama saa nzima. Tangu siku hiyo usingizi haupo, mechi ile inajirudia kichwani, na nikipita uwanjani kwa treni namba 7 natazama upande wa pili. Septemba 14 nilimpeleka uwanjani tukafurahi, ila sasa naona walitudanganya tu. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Ndugu zangu Tanga wanacheka: mtu mzima unalilia mchezo wa rungu? Mwezi ule wa mwisho nilikuwa naweka na vijisenti kwenye simu ili kunogesha. Mimi ni Arsenal tangu enzi za Wenger, mateso nayajua, lakini haya ni mengine. Je, nina tatizo? Niachane nayo kabisa? Na ni kweli timu hii ina mkosi?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeniuliza maswali matatu, na la nne umelipitisha kwa sentensi moja ukidhani sitaliona. Nitalifikia.

Hujachanganyikiwa. Una huzuni ya kweli juu ya kitu ambacho waliokuzunguka hawakioni, na huzuni ya namna hiyo hukaa sana kwa sababu hakuna anayekuja kukupa pole. Ungefiwa, watu wangejaa mkekani. Timu ikipoteza unachekwa, basi unakwenda kukaa garini peke yako.

Hebu soma tena barua yako. Juni unasema "tulikuwa tunaongoza". Septemba unasema "wakaanza kufungwa", "wakanimaliza". Umetoka kwenye "sisi" ukaingia kwenye "wao" bila kujua. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliliandika jambo hili mwaka 1976, baada ya kuwasikiliza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wakisimulia mechi za chuo chao: ikishinda ni "tumeshinda", ikipoteza ni "wamepoteza". Pale Kariakoo wangekwambia hayo bila utafiti wowote. Jumamosi "tumewapiga", Jumatano "hawa wachezaji ni mizigo". Ni namna ya nafsi kujikinga, na kwa shabiki wa juujuu inafanya kazi vizuri tu, anahama hadi ligi ianze tena. Wewe ulijaribu kuhama ukashindwa. Kwenye "wao" umefika, lakini maumivu umekuja nayo, kwa kuwa timu hii imeshaingia kwenye jibu la swali "wewe ni nani hapa New York".

Sasa hilo la Arsenal, maana ndilo linalokuumiza kichwa. Msimu wa 2022/23 Arsenal walikaa kileleni siku 248 wakakosa kombe, na najua ulikuwepo kila siku. Kwa nini haya yawe mengine? Kwanza ni hesabu ya kawaida. Ligi ya England ni mechi 38 kwa miezi tisa. Ukiumia Jumamosi una wiki nzima ya kupoa, na ipo sare, ambayo ni kama dawa ya kutuliza. Besiboli ni mechi 162 kwa miezi sita, karibu kila siku, na sare haipo. Juni 12 Mets walikuwa wameshinda mechi 45 na kupoteza 24, rekodi bora kuliko timu zote 30. Kuanzia hapo mpaka mwisho walishinda 38 wakapoteza 55. Kwa hiyo wewe hukuumizwa siku moja Miami. Uliumizwa mara 55, usiku baada ya usiku, na kila asubuhi matumaini yakachipua kidogo kwa sababu jioni kulikuwa na mechi nyingine. Mti uliokatwa kwa shoka moja na mti uliochunwa gamba polepole havifi sawa.

La pili ni la redio, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Wewe si mtazamaji wa wikendi. Miezi sita sauti ya Howie Rose, mtangazaji wa Mets redioni, imekuwa ndani ya gari lako kama abiria wa kudumu. Mtu anapanda Jackson Heights, anasikia mechi, anauliza "ngapi ngapi?", na kufika anakoshuka nyinyi si mgeni na mwenyeji tena, ni watu wawili wanaomlalamikia mrushaji mmoja, yule anayemtupia mpira mpigaji. Mtu aliyekuja ukubwani kwenye jiji la watu hapati mlango kama huo kila siku. Mechi za mtoano zikikupita, kombe ni sehemu ndogo ya ulichopoteza. Umepoteza ile saa moja ya usiku yako, saa ya mechi. Mashabiki wengi ninaoongea nao hudhani wanaomboleza matokeo, na ukiwachimba unakuta wanaomboleza ratiba.

Ukaongeza jambo la tatu wewe mwenyewe: Oktoba ulikuwa umeshaitumia. Ulishamwahidi mtoto. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumia zaidi kupoteza alichonacho kuliko anavyofurahi kukipata kitu kilekile. Na matumaini yakishaongoza jedwali kwa wiki kadhaa huacha kuwa matumaini, yanakuwa mali. Timu iliyoanza vibaya Aprili haikunyang'anyi kitu. Iliyofifia mwishoni inakupokonya tonge lililokwisha gusa midomo.

Halafu kuna siku yenyewe. Asubuhi ya Septemba 28, Mets na Cincinnati Reds walikuwa sawa wakigombea nafasi ya mwisho ya mtoano, na wakimaliza sawa wanapita Reds kwa matokeo ya wao kwa wao. Reds wakapoteza kwa Milwaukee, 4-2. Yaani mlango uliachwa wazi kabisa, ilibidi kushinda tu, na Miami wakashinda 4-0. Zamu ya tano kati ya tisa, vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji wa Mets, mpigaji wao Pete Alonso akaupiga mpira kwa kishindo, umenyooka kama mshale kwenda kushoto. Akaudaka mtu, na Alonso akawa ametolewa. Futi chache pembeni na leo usingeniandikia. Hicho ndicho kipande kinachojirudia usiku, sivyo? Akili hurudia pale ambapo mambo yangeweza kuwa tofauti kwa urahisi. Watafiti waliowatazama wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona 1992 waliona wenye shaba wana furaha usoni kuliko wenye fedha. Wa shaba anafikiria angeweza kukosa kabisa, wa fedha anafikiria dhahabu. Kukosa kwa inchi kunauma kuliko kukosa kwa maili. Kwa hiyo usijilazimishe kuacha kuifikiria ile mechi, utaishia kuifikiria mara mbili. Ikija saa nane za usiku, iandike kwenye karatasi mwanzo mpaka mwisho, ukiwemo mpira wa Alonso, kisha andika na mechi nyingine tano za Julai na Agosti zilizopotea kizembe. Ukishaziona kwenye mstari mmoja, ile ya Miami inarudi kuwa moja kati ya 79.

Je, kuna mkosi? Ukipenda mkosi, nitakupa mzuri. Juni 12, 2024, lile dubwana la zambarau la McDonald's, Grimace, lilirusha mpira wa ufunguzi pale Citi Field, uwanja wa Mets, na Mets wakashinda mechi saba mfululizo. Mwaka mmoja kamili baadaye, Juni 12, 2025, Kodai Senga akaumia msuli wa paja akikimbilia kituo cha kwanza, na kuanzia siku iliyofuata Mets wakapoteza saba mfululizo. Tarehe ileile, idadi ileile. Hata mimi nilisisimka. Lakini angalia kilichotokea kweli: Senga alikuwa mrushaji wao bora, na aliporudi hakuwa yule tena, Septemba wakampeleka ligi ya chini. Wiki mbili baada yake Griffin Canning akakatika kano ya kisigino. Besiboli inasimama juu ya mrushaji. Ukiondoa wawili au watatu, waliobaki wanarusha zaidi ya uwezo wao, na Agosti ikifika mikono imechoka. Huo si mkosi, ni kikapu kilichotoboka.

Na kuna sababu ya pili ambayo mashabiki hawapendi kuisikia: Juni ile ilikuwa na uongo kidogo ndani yake. Kwa mwendo ule Mets wangemaliza na ushindi wa mechi 105 hivi. Timu iliyokuwa bora kuliko zote mwaka ule, Milwaukee, ilimaliza na 97. Mabingwa wenyewe, Dodgers, walipoteza 69. Rusha sarafu mara 162: wastani ni 81, lakini karibu mara moja katika kila majaribio matatu utapata chini ya 75 au zaidi ya 87, na sarafu haijabadilika kitu. Timu nzuri kiasi ikipata upepo wa bahati mwanzoni inaonekana ya ajabu, upepo ukigeuka inaonekana ya waoga. "Waoga" ni neno ninalolisikia sana na silikubali. Philadelphia mwaka 1964 waliongoza kwa mechi sita na nusu (ndivyo besiboli inavyopima pengo kati ya timu) zikiwa zimebaki 12, wakapoteza kumi mfululizo. Kocha wao, Gene Mauch, aliingiwa na haraka ya kufunga hesabu, akawa anawarudisha warushaji wake Jim Bunning na Chris Short uwanjani baada ya kupumzika siku mbili tu. Watu wanabishana mpaka leo kama hilo ndilo lililowaua. Mimi naona lilichangia. Lakini woga wa kocha ni jambo moja, kusema wachezaji 25 hawana moyo ni jambo jingine.

Uache? Nimewahi kujiuliza hilo mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa Boston. Red Sox waliingia Septemba nafasi yao ya mtoano ikiwa salama, wakapoteza mechi 20 kati ya 27 za mwezi ule. Usiku wa mwisho, Baltimore, tulikuwa mbele 3-2 zamu ya tisa, wapinzani wawili wameshatolewa, bado mmoja tu mechi iishe, na tukapoteza 4-3. (Naona nimeandika "tulikuwa". Miaka imepita na bado.) Dakika chache baadaye Evan Longoria wa Tampa Bay, waliokuwa wakigombea nafasi ileile na sisi, akapiga mpira uliovuka ukuta wa kushoto, msimu wetu ukaisha. Nilizima redio nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Mwaka uliofuata walikuwa wa mwisho kwenye kanda yao, na 2013 wakawa mabingwa. Sikwambii hivyo ili ungoje 2013 yako. Mets wenyewe mwaka 2007 waliongoza kwa mechi saba zikiwa zimebaki 17 wakaikosa mtoano siku ya mwisho, mbele ya Marlins, ndio haohao wa Miami, na malipo yao mwaka 2008 yakawa kukosa tena siku ya mwisho, mbele ya Marlins tena. Anayekuahidi kwamba uvumilivu utalipwa anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Kombe la mwisho la Mets ni la 1986.

Kuacha kabisa kunawafaa watu wachache: wale ambao kila msimu unawaacha na deni au ugomvi nyumbani. Kwa wengine, kuacha kwa hasira Oktoba hudumu mpaka Februari warushaji wanaporudi mazoezini. Kuhamia timu nyingine naona ni kujisumbua, maana mtu hahami kama anavyohama nyumba, atasikia sauti ile redioni na kugeuka. Mimi napenda kupunguza dozi, kwa sababu kinachochosha mashabiki wengi si mechi bali vinavyoizunguka. Zima arifa zote za simu za timu. Mechi ikiisha usiku, usiingie kusoma watu wanatukanana. Gari likiwa limeegeshwa, mechi imeishia hapo, isiingie nayo ndani. Weka siku mbili za wiki ambazo hujui matokeo mpaka asubuhi, na utaona asubuhi yanapungua ukali. Na saa moja ya usiku yako usiiache tupu miezi hii ya baridi. Tafuta kitu cha kuingia masikioni saa ileile, iwe redio ya nyumbani, mawaidha, hata Arsenal kwa kurudia. Kitundu kilichoachwa na ratiba kinazibwa na ratiba.

Sasa lile la nne. "Nilikuwa naweka na vijisenti kwenye simu ili kunogesha." Kubeti kwa simu ni halali New York tangu Januari 2022, sikuhukumu. Lakini ulianza mwezi ambao timu inazama, na hapo kuna mtego: pesa inakuja kufanya kazi ya kuziba uchungu. Jiulize mambo matatu, ujijibu ukiwa peke yako. Mke wako anajua ni kiasi gani? Ulishawahi kuongeza dau ili urudishe ulichopoteza jana? Mets walipomaliza msimu uliacha, au ulihamia kubeti NBA na mpira wa ng'ambo? Jibu moja likikusumbua, piga 1-800-GAMBLER, ni bure na ni siri, na futa hizo programu leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Kingine cha kuonana na mtu ana kwa ana ni usingizi. Wiki moja mbovu baada ya pigo ni kawaida. Ukishavuka wiki mbili hulali vizuri, chakula hakina ladha, hata Arsenal wakishinda husikii kitu, basi hii si besiboli tena. Besiboli imekuja tu kufungua mlango uliokuwa umeegeshwa. Mwone daktari wako wa kawaida umweleze hivyohivyo ulivyonieleza, ukianza na usingizi. Na unaendesha gari kutwa, hilo peke yake linatosha kuwa sababu. Kiingereza kikikukwama katika mambo ya moyo, omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, hospitali nyingi huwa nao bila malipo. Likija wazo la kwamba afadhali usiwepo, hata kwa mzaha, piga 988 saa yoyote.

Na uliyemfokea ni mtoto. Najua ulishajilaumu, sikuongezei. Ila mwaka 2011 wachumi David Card na Gordon Dahl walichapisha uchunguzi wa mechi za futiboli ya Kimarekani: timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikipoteza, kesi za wanaume kuwapiga wake na wapenzi wao majumbani ziliongezeka kwa asilimia 10 hivi. Si kufungwa kwenyewe, ni kufungwa usikotarajia. Wengi wa wanaume hao asubuhi yake wangeapa wao si watu wa namna hiyo. Wewe ulitoka ukaenda kukaa garini, na kwa hilo nakupongeza. Fanya huo uwe mpango uliotangazwa: waambie nyumbani kwamba mechi ikiisha vibaya unatembea dakika 20 kabla ya kuongea na mtu. Ukiona mke au mtoto anaangalia matokeo kwanza ndipo ajue aje sebuleni au abaki chumbani, usiniandikie mimi, tafuta mshauri wiki hiyohiyo.

Mwombe mtoto radhi, kwa maneno machache, bila kueleza Mets wamekufanyia nini. Kisha rudini kwenye Septemba 14. Umeigusa kwa nusu mstari, ukasema mlidanganywa. Kahneman aliwahi kuwatumbukiza watu mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha mara nyingine sekunde 60 zilezile na 30 za ziada maji yakipashwa kidogo sana. Alipowauliza lipi warudie, wengi walichagua lile refu, kwa sababu liliisha vizuri kidogo. Kumbukumbu inapima kilele na mwisho, muda haiuhesabu. Ndiyo maana siku moja ya Miami imemeza miezi sita yako yote. Lakini Jumapili ile Mets walikuwa wamepoteza nane mfululizo, mechi imeingia zamu ya kumi dhidi ya Texas, na Alonso akaupeleka mpira ng'ambo ya ukuta, watatu wakarudi nyumbani, 5-2. Mlikuwepo. Baada ya msimu Alonso akaenda Baltimore, kwa hiyo hilo halitajirudia mkiwa mmekaa kwenye viti vile. Muulize kijana anakumbuka nini, na usimsahihishe. Huenda akaanza na Alonso, huenda akaanza na foleni ya soseji.